Vitabu vya kuchekesha na stori za zamani kwa watoto na vijana: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Mwanza

Mi nauza na kuazimisha vitabu vya hadithi hapa mjini. Maswali yanayokuja kwa simu, kibandani, na hata nikiwa nimebanwa kwenye daladala ya Igoma ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Ukikuta jibu linakurudisha kwenye swali lingine usinune, sipendi kuandika kitu kimoja mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

Mwanangu hataki kabisa kusoma, nianze na kitabu gani?

Anza na Abunuwasi. Awe darasa la nne awe form two, anza na Abunuwasi. *Hekaya za Abunuwasi* ni visa vifupi vifupi, kimoja kinaisha kabla chai haijapoa, na Kiswahili chake hakimtishi mtu. Kisa cha sufuria ndo mtego wangu: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani, anamwambia jirani sufuria yako imezaa, na jirani kwa tamaa zake anapokea vyote bila swali. Siku nyingine anaazima tena ila safari hii harudishi, akiulizwa anasema pole sana ndugu yangu, sufuria imefariki. Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje? Nikifika hapo nafunga kitabu nampa mtoto amalizie mwenyewe.

Kuna dogo mmoja wa Mabatini alimalizia amesimama pale pale juani, begi la shule mgongoni, akacheka peke yake afu akamgeukia mama anayechoma mahindi pembeni akaanza kumsimulia upya kuanzia mwanzo. Na huyo ndo dogo ambaye mama yake alikuwa kaniambia dakika chache nyuma kwamba mtoto hana kichwa cha vitabu.

Vitabu vya kuchekesha si vinampotezea muda wa kusoma mtihani?

Hapana, na hili swali linanichosha kidogo ila sawa. Mtoto hawezi kucheka kitabu ambacho hajakielewa. Akicheka kile kisa cha sufuria maana yake ameshaelewa kwamba jirani alikubali uongo wa kwanza kwa sababu una faida kwake, ndo maana wa pili hawezi kuukataa. Huo ni ufahamu, ule ule mnaoulipia tuisheni, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayemlazimisha.

Kinachopoteza muda kwa maoni yangu ni vile vitabu vya adabu vilivyojifanya hadithi, yani kuna mtoto mtiifu na kuna mtoto mkaidi, mkaidi anavunjika mguu ukurasa wa mwisho na mtiifu anapewa baiskeli. Watoto wanaijua hiyo stori kabla hawajafungua kitabu. Wazazi wanavinunua sana, watoto wakishasoma kimoja hawarudi tena.

Hadithi ya kihistoria ndo nini, ina tofauti gani na kitabu cha historia cha shule?

Kitabu cha shule kinakwambia Vita vya Maji Maji vilianza 1905 vikaisha 1907, vilianzaje, vikaleta nini, jibu maswali yafuatayo. Hadithi ya kihistoria inachukua wakati huo huo na kuweka ndani yake mtu anayeogopa, mwenye njaa, anayegombana na mke wake kuhusu kwenda vitani au kutokwenda. Matukio makubwa ni ya kweli, maongezi na mara nyingi wahusika vimetungwa. Kuhusu namna ya kutenganisha kweli na tungo, nimeeleza chini kwenye maswali magumu.

Umri gani asome nini?

Siamini sana mambo ya umri ila mnaniuliza kila siku, basi. Darasa la kwanza mpaka la tatu: vitabu vya picha na hadithi za sungura na fisi, na wewe mzazi ndo usome kwa sauti. La nne mpaka la saba: Abunuwasi na *Adili na Nduguze*. Form one na two: hadithi za mpelelezi Bwana Msa na tamthiliya fupi. Form three kuendelea aingie popote, ila soma kwanza lile swali la mambo ya wakubwa.

Mtoto akichukua kitabu cha juu ya umri wake muache ajaribu, akishindwa atakirudisha mwenyewe. Akichukua cha chini ya umri wake usimcheke.

## Vya kuchekesha

Abunuwasi kamaliza, anataka vingine vya hivo hivo, aende wapi?

Inategemea alichekea nini. Kama alipenda maajabu, mpe *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ya 1952. Mule kuna liwali anayeheshimika ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili, anawachapa huku roho inamuuma, na mfalme anataka kujua kwa nini. Mtoto yeyote mwenye akili timamu atataka kujua pia. Lugha yake iko juu kidogo, sentensi zina madoido ya Kitanga, kwa hiyo kurasa za kwanza msomeeni mpaka sikio lizoee.

Kama alipenda ujanja na kushindana akili, nenda kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilitoka 1960 na mpaka leo naona hakuna mpelelezi anayemfikia: mzee mtaratibu na kiko chake, anauliza vitu ambavyo vinaonekana havina maana, na rafiki yake Najum ndo anayekuwa gizani mwenzetu mpaka mwisho. Utani wake hautangazwi, umejificha kwenye maongezi. Ni Kiswahili cha Unguja, kuna maneno mtoto wa Nyakato hajawahi kuyasikia, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu aliyenogewa.

Kwa wale wanaotaka Kiingereza kuna *Mabala the Farmer* ya Richard Mabala, jamaa wa mjini anayejaribu ukulima bila kujua chochote. Wasukuma huwa wanaicheka kuliko wengine maana kila ukoo una mjomba wa namna hiyo.

Katuni na magazeti ya vichekesho yanahesabika kama kusoma?

Yanahesabika. Kuna watu wazima kibao hapa Mwanza, wengine walimu, walianza kusoma kwa hiari yao na gazeti la Sani, na ukiwatajia wahusika wake kama Ndumilakuwili au Lodi Lofa wanaanza kutabasamu kabla hujamaliza. Tahadhari moja tu, yale yalikuwa ya wakubwa, utani wake mwingi ni wa baa na wake za watu, kwa hiyo ukimletea mtoto nakala za zamani pitia kwanza.

Anasoma inglishi midiamu, Kiswahili kinamshinda. Nimpe vya Kiingereza tu?

Mpe vyote. Hao watoto huja wanaulizia *Diary of a Wimpy Kid* ya Jeff Kinney, na mi sina ugomvi nayo, inachekesha kweli na michoro inawasaidia wasiopenda maandishi mengi. Ila mtoto anayeishi Mwanza akichekea tu mambo ya shule za Marekani, anakuja kuamini kwamba huku hakuna kitu cha kuchekesha. Fanya hivi, kimoja cha kule kimoja cha huku, na cha huku msomee wewe kwa sauti usiku. Kiswahili kinaingia kwa masikio kwanza. Umeme ukikatika ndo muda mzuri, maana na tivii hakuna.

## Stori za zamani

Kuna kitabu cha zamani kinachohusu huku kwetu, ziwani?

Kipo, na ni aibu kwamba wengi wetu hatukijui. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, ikakaa bila mchapishaji miaka na miaka. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili na ikatoka 1980 kwa Tanzania Publishing House, yeye akafariki 1981. Inaitwa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*.

Stori yenyewe ni ya mume na mke wanaopendana ila hawana mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere anatakiwa alipe faini ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Sasa hapo ndo utamu ulipo, maana Kitereza haruki chochote, anakuonesha ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anasaidia, nani anakuja kuonja kabla ya wakati akijifanya kapita tu njia. Na kumbuka mtu mwenyewe ana haraka ya mke, ndizi hazina haraka. Ukerewe ya kabla ya wakoloni inasimama mbele yako, uvuvi, kilimo, ugonjwa, salamu ndefu kama foleni ya Buzuruga. Ni kinene, usimbwagie mtoto chote. Chagua hiyo sehemu ya pombe, soma kwa sauti, uone kama hatauliza mke alirudi au hakurudi.

Kwa Usukuma kuna *Ngoma ya Ng'wanamalundi*, tamthiliya ya Emmanuel Mbogo ya 1988. Ng'wanamalundi, mganga na mcheza ngoma wa Kisukuma, alikuwepo kweli, jina lake Igulu Bugomola, na Wajerumani walimkamata wakamfunga, ila simulizi zilizomzunguka ni nyingi kuliko mtu mwenyewe, bibi yako akikusimulia atakwambia alikuwa akinyoosha kidole mti unakauka. Ukishasoma nao wapeleke Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho ya Wasukuma, si mbali, na ukienda Juni msimu wa Bulabo unakuta na ngoma zenyewe.

Yupo pia Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. *Gamba la Nyoka* ya 1979 inahusu vijiji vya ujamaa, na kwa vijana wa sasa hiyo tayari ni historia. Form four kwenda juu.

Mbona stori nyingi za kihistoria za Kiswahili ni tamthiliya? Mwanangu hapendi michezo ya kuigiza.

Ni kweli ziko nyingi, na nadhani hapendi kwa sababu anaisoma kimya peke yake. Tamthiliya inataka midomo. Kaa nao watatu wanne kwenye mkeka, gawa wahusika, yule mwenye sauti kubwa mpe mjerumani, utaona mwenyewe. Watoto wa jirani watajipenyeza. Kurasa zake ni chache kuliko riwaya na bei huwa nafuu, kwa hiyo hata mfuko unashukuru.

Kama wanapenda Roma ya zamani kuna *Juliasi Kaizari*, Mwalimu Nyerere mwenyewe, jirani yetu wa Butiama, aliitafsiri kutoka kwa Shakespeare. *Mabepari wa Venisi* ya 1969 pia ni yake, na hiyo ina vichekesho ndani.

Vita vya zamani na wakoloni je, anapenda mambo ya mapigano.

*Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, 1969, kuhusu Maji Maji. Watoto wanaingia kwa sababu ya vita, wanabaki kwa sababu ya lile swali gumu: Kinjeketile mwenyewe anaanza kuwa na shaka na maji yake, wakati watu wameshaamini na hawataki tena kusikia shaka yake.

Mkwawa na Wahehe wamo kwenye hadithi za vijana za M. M. Mulokozi, *Ngome ya Mianzi* na wenzake. Hizi ziliandikwa kwa ajili ya vijana hasa, si za wakubwa zilizopunguzwa. Akimaliza mwambie habari ya fuvu la Mkwawa, kwamba lilirudishwa 1954 na liko Kalenga, Iringa. Utakoma kwa maswali.

*Kuli* ya Adam Shafi Adam, 1979, haina mikuki. Ni wabeba mizigo wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Vijana wenye baba zao wanaobeba mizigo bandarini au mwaloni Kirumba wanaielewa haraka sana kuliko mi nilivyotegemea.

Biashara ya watumwa, kuna hadithi ya kumfaa mtoto?

*Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela, 1934. Mwandishi ni wa ukoo wa watumwa waliookolewa na kuletwa Freretown, Mombasa, kwa hiyo anasimulia mambo ya kwao. Safari na kukamatwa vimesimuliwa vizuri, lugha nyepesi. Ila soma pamoja na mtoto, maana kitabu kinamsifia Mwingereza mpaka basi, na mtoto akibaki peke yake atafunga kitabu akidhani Waingereza walikuja huku kwa sababu ya huruma tu. Muulize, huyu aliandika mwaka gani, nani alikuwa anatawala wakati huo? Huwa inatosha.

Nataka kimoja kinachochekesha na cha kihistoria hapo hapo.

*Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967 kutoka kwa George Orwell. Wanyama wakiongozwa na nguruwe wanapindua binadamu, wanaweka sheria, afu sheria zinaanza kubadilika usiku usiku. Nyuma yake kuna mapinduzi ya Urusi ya 1917, lakini mtoto wa darasa la sita anaicheka bila kujua Urusi iko wapi, na akifika form three anarudi anasema kumbe! Ni kitabu cha kununua mara moja kikasomwa mara mbili.

*Kusadikika* ya Shaaban Robert pia imo humu, nchi inayoelea angani na kesi ya Karama mbele ya mfalme. Sio historia kwa jina, ila kilitoka 1951 chini ya Mwingereza, na mtu mzima akisoma anajua anasemwa nani.

## Maswali magumu

Mtoto atajuaje kipi cha kweli na kipi kimetungwa?

Hatajua, mpaka mtu amwambie, na si dhambi. Ebrahim Hussein mwenyewe alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Sasa kama mwandishi kasema, sisi tunaogopa nini?

Kuna mwalimu wa sekondari huku Ilemela ananunua kwangu, ana mtindo mmoja naupenda: wakimaliza kitabu anachora mstari katikati ya ubao, upande mmoja "tunajua", upande mwingine "kaotea". Mkwawa kuwapiga Wajerumani Lugalo 1891, tunajua. Mkwawa kumwambia mkewe hivi na hivi usiku ule, kaotea. Wanafunzi wanagombana mpaka kengele, na wengine wanaenda kutafuta kitabu cha historia ili washinde ubishi.

Kuna mambo ya wakubwa kwenye hivi vitabu?

Kwenye vingine yapo. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na binafsi simpi wa form one ingawa kwa binti wa form five naona ni lazima. Kitereza naye ana sehemu za unyumba, anaziandika kama mtu mzima wa zamani, bila kuficha na bila uchafu, ndo maana nilisema uchague sehemu. Kama una wasiwasi soma kwanza wewe. Wazazi wengi huishia kukimaliza wao, mtoto anasubiri zamu.

Sisi ni walokole, hivi vya waganga na miujiza ya kienyeji vinaruhusiwa?

Hilo ni la nyumba yako, siingilii. Ninachosema ni kwamba kusoma kuhusu Ng'wanamalundi si kumfuata, na mtoto wa Usukuma atamsikia tu mtaani, bora amsikie kwenye kitabu ukiwa pembeni. Kama haiwezekani kabisa, chukua *Kuli* au *Shamba la Wanyama*, humo hakuna mganga.

Mwanangu ana ualbino, anataka hadithi yenye mtu kama yeye. Ipo?

Ipo *Takadini* ya Ben Hanson, ipo kwa Kiswahili na inasomwa sana sekondari. Ni jamii ya Washona huko Zimbabwe kabla ya ukoloni, mama anaitwa Sekai, amekaa muda mrefu bila mtoto, akajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe na yeye anakimbia naye usiku. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa kwa nini hiki kitabu kinauma. Mwanzo ni mzito, kwa mtoto mdogo soma naye bega kwa bega, ila Takadini anakua, ana rafiki, ana mtu anayempenda, hayupo kwenye kitabu ili aonewe huruma tu. Na uwape pia watoto ambao hawana ualbino, wao ndo wanaokihitaji zaidi.

## Kupata vitabu

Sina hela ya kununua, nitavipata wapi?

Maktaba ya mkoa, ile ya serikali iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Watu wanapita nje kila siku wakidhani ni ya wanachuo. Mtoto anaandikishwa, anasoma. Vile vya zamani ambavyo hata mi sinavyo, kaulizie kule kwanza. Kwangu kuazima kupo pia, unaacha dhamana, ukirudisha unachukua dhamana yako.

Mbona usinitumie pidiefu kwa wasap?

Kwa sababu vitabu vya watu hivyo, na waandishi wetu wanakula kidogo tayari. Fotokopi za kitabu kizima sifanyi pia, hata ukiniita dada mara kumi. Za bure halali zipo: African Storybook ina hadithi kibao za Kiswahili kwa watoto wadogo, unapakua kwenye simu bila kulipa chochote zaidi ya bando. Vya vijana wakubwa ni vichache huko, kwa hao rudi kwenye jibu la maktaba.

Niko Ukerewe, nitapataje mzigo?

Natuma na meli ya Nansio kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini, nafunga kwenye nailoni mbili na karatasi katikati. Nauli ya mzigo juu yako. Kitereza kwa watu wa Ukerewe nina upendeleo, nikipata nakala nawapigia nyinyi kwanza.

Mtoto kalowanisha kitabu cha kuazima, nalipa?

Kikilowa maji ya ziwa kianike kivulini, kurasa ziachane, usikiweke juu ya bati la moto, kitajikunja. Kikikauka kikasomeka, hulipi. Kikinuka dagaa, tutaongea.